Kabla hamjajenga geti la magofu

Nimetembeza wageni kwenye magofu ya pwani miaka mingi, na kila nikisikia halmashauri imetenga fedha za mambo ya kale najua kitakachotangulia: geti, bango na hema la uzinduzi. Mkiniuliza mimi, anzeni na choo.

Msicheke. Kuna mahali, sipataji, choo kilikuwepo, kimepakwa rangi vizuri, kufuli mlangoni. Ufunguo alikuwa nao mzee aliyekwenda shamba. Nilikuwa na wageni sita, mmoja wao mama mtu mzima. Saa nne na nusu asubuhi akaniambia turudi. Mama ntilie alikwishatia tui kwenye changu wa watu saba. Tukapanda mashua tukamwacha na sufuria yake. Kiingilio kililipwa, risiti ikatoka, lakini kijijini haikubaki hata shilingi.

Halafu chokaa. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinanasa ndani, na masika mawili matatu yakipita plasta inabanduka na mawe yake. Saruji ipo dukani. Chokaa inataka tanuri, kuni na subira, ndiyo maana mkandarasi mwenye haraka huikwepa. Iandikeni kwenye mkataba, na fundi mzee alipwe kufundisha vijana wawili wa hapohapo.

Fedha zenyewe ziwe za kila mwaka, hata kama ni kidogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kufikia 2004 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikila ufukwe na kuta zikianguka. Kuyatoa humo kulichukua miaka 10. Jumba la kale la Beit al-Ajaib, Unguja, halikungoja: Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wawili wakafa. Mche wa mtini ukiota ukutani leo, kijana mwenye panga anaumaliza asubuhi moja. Uacheni unenepe, hamtaung'oa bila kuondoka na ukuta.

Geti mtajenga zikibaki. Na ule ufunguo wa choo, mkabidhini mama ntilie; yeye haendi shamba wageni wakiwepo.