Paipu za breki zilizoliwa na kutu kwenye pikapu kuukuu

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo wengi Mwanza hudhani kutu ni shida ya watu wa Pwani. Lakini pikapu inayobeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba hailoweshwi na ziwa. Inaloweshwa na mzigo. Majimaji ya barafu na damu ya sangara hupenya kwenye bodi na kudondokea chasisi, ilipopita paipu ya breki za nyuma.

Usikague sehemu zilizo wazi tu. Fungua klipu, angalia chini yake, kisha juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hukaa. Piga mswaki wa waya. Chuma kikibaki laini, bado kizima. Ukiona vishimo, magamba au unyevu wa oili, badilisha paipu yote. Kukata kipande kibovu na kuunga ni kuahirisha tu, maana kutu haikuishia hapo.

Nunua paipu ya breki ya 4.75 mm (dukani sema 3/16), ya shaba-nikeli ikipatikana. Shaba ya friji mafundi huipenda kwa kuwa inakunjika kirahisi, ila mtikisiko huifanya ngumu ikapasuka. Pima urefu kwa kamba ukifuata kila kona, na uende na nati za zamani ulinganishe uzi.

Nati zilizoganda zipulizie oili ya kulegeza kutu, uziache hadi kesho. Spana ya kawaida huziviringa. Tumia spana ya nati za paipu, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Paipu ikijisokota pamoja na nati, ikate karibu na nati uingize soketi ya pembe sita, si unaitupa hata hivyo?

Ingiza nati kwenye paipu kabla ya kutengeneza mdomo, yaani kupanua ncha yake (hili husahauliwa kila siku). Mdomo ukunjwe mara mbili. Ukikaa upande au ukiwa na ufa, kata uanze upya.

Jaza oili ya breki iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, kwa kawaida DOT 3, kutoka chupa isiyofunguliwa. Oili ya injini huvimbisha raba. Toa upepo ukianzia gurudumu la mbali, yaani nyuma kushoto kwa gari la usukani wa kulia, na kikopo cha oili kisikauke. Kisha washa injini gari likiwa limesimama, mwenzako akandamize pedeli dakika nzima, nawe upitishe karatasi kavu kila nati. Pedeli ikizama, usiliendeshe.