Pima kwanza, halafu pumua

Glukometa, kile kifaa cha kupimia sukari ya damu, ikisoma 14 (mmol/L) asubuhi kabla hujatia kitu tumboni, akili yenye sonona haioni namba. Inaona hukumu: umeshindwa tena, mzembe wewe, figo zako ndizo hizo zinakwenda. Wengi wetu tunaoishi na magonjwa haya mawili, kisukari na sonona, huishia kuacha kupima kabisa, maana usichokijua hakikusemi.

Mimi zoezi la kutuliza akili nilifundishwa na daktari wa afya ya akili. Unaangalia pumzi, mwili na mawazo yako kama yalivyo sasa, bila kugombana nayo. Mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa kozi ya namna hii huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Baadaye Waholanzi waliijaribu kozi inayofanana nayo kwa watu wenye kisukari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: msongo na dalili za sonona zilipungua, lakini HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, haikushuka. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia pumzi kama dawa ya sukari, mpite.

Jambo ambalo sijaona likisisitizwa vya kutosha ni hili: usianze kupumua kabla hujapima. Mikono ikitetemeka, jasho jembamba likitoka na moyo ukienda mbio, inaweza kuwa wasiwasi, na inaweza kuwa sukari imeshuka. Kwa hisia tu huwezi kutofautisha. Ikiwa chini ya 4, kula gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, kisha upime tena baada ya dakika 15. Kama huna stripu za kupimia, chukulia imeshuka. Utulivu utafuata baadaye.

Ikiwa juu, hapo ndipo zoezi linapofaa. Shusha mabega. Vuta hewa taratibu, itoe taratibu zaidi. Kisha sema kilichopo: namba ni 14, nimekasirika, tumbo limekaza. Basi. Ukishatulia kidogo unaweza kuuliza maswali ya maana: jana nilikula nini usiku, dawa nilimeza, nililala? Hata kukosa usingizi na mawazo mazito hupandisha sukari, kwa sababu homoni za msongo huliambia ini limwage glukosi kwenye damu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la miguu. Maelekezo mengi yaliyorekodiwa hukuambia ufumbe macho usikie nyayo zako. Sasa wewe ambaye kisukari kimekutia ganzi ya miguu husikii kitu, na sonona inapata la kusema. Mimi nafumbua macho na kutumia viganja. Jioni, kwenye mwanga, mguu mmoja baada ya mwingine: kisigino, unyayo kwa kioo kidogo, katikati ya kila kidole. Natafuta mpasuko, lengelenge, wekundu, sehemu yenye joto kuliko nyingine. Mafuta napaka juu na kisigino, si katikati ya vidole. Mwenye kisukari anatakiwa kukagua miguu kila siku hata hivyo, kwa hiyo hakuna muda wa ziada unaotafutwa, na siku ambayo akili haitaki kukaa, mikono ina kazi.

Kula polepole pia kunasaidia, ingawa msibani au harusini sijaweza.

Dawa za sonona usiziache kwa sababu umejifunza kupumua, na kliniki ya kisukari wajue unazitumia; baadhi huongeza hamu ya kula na uzito. Na yakikujia mawazo ya kutaka kufa, usikae peke yako ukifanya mazoezi. Mwambie mtu leo hii, mkabidhi insulini na vidonge akupe dozi moja moja, kisha akusindikize hospitali.