Laki tatu kwa mtu "aliyekaribia" Hollywood? Usitume

Mdogo wangu wa Majengo, hiyo hela usiitume. Umeuliza namna ya kurekodi video ya usaili kwa simu, na kama ulipie laki tatu darasa la yule bwana wa Sakina anayesema alibakiza kidogo achukue nafasi kwenye filamu ya Marekani. Leo najibu la hela tu, maana nilishaliwa kwa maneno hayohayo.

Kukaribia kuna ngazi. Ya kwanza unatuma video, na hapo mnaweza kuwa mamia. Ya pili unaitwa tena, unapewa kurasa nyingine na maelekezo mapya. Ya tatu unajaribiwa mbele ya kamera, mara nyingi pamoja na mtakayeigiza naye. Ya nne mkataba. Waliokaribia kweli inajulikana walikwama wapi. Tom Selleck alishachaguliwa kuwa Indiana Jones, kituo cha televisheni cha CBS kikamshikilia kwa mkataba wa tamthilia ya Magnum, P.I. Eric Stoltz alirekodi wiki kadhaa akiwa Marty McFly wa filamu ya Back to the Future, akatolewa, akaingia Michael J. Fox.

Arusha maneno haya yananasa watu haraka kwa sababu filamu kubwa zilishafika kweli. Hatari! ya John Wayne, iliyotoka 1962, ilirekodiwa Momella. Kwa hiyo mtu akisema "walinifuata" unaona inawezekana.

Muulize mambo matatu: mhusika gani, aliishia ngazi ipi, nani alisimamia usaili. Jina la msimamizi wa usaili kwa kawaida huandikwa kwenye filamu yenyewe, mwanzoni au mwishoni. Simamisha picha, usome. Kama aliitwa mara ya pili, akuonyeshe barua pepe ya kumwita na zile kurasa za mazungumzo. Akisema alisaini kutunza siri, mbona siri hiyo kaibandika kwenye tangazo la darasa? Hapo ndipo wananikera: wanachukua hela ya ada na ya kodi ya watoto wa watu kwa kutaja tu jina la filamu.

Na akikudai "ada ya kuunganishwa na wakala", yaani anayemtafutia mwigizaji kazi, ikatae kabisa. Wakala hula asilimia baada ya wewe kulipwa, Marekani kwa kawaida 10. Anayedai kabla hujapata kazi, kazi yake ni wewe.

Muulize leo hii, kisha rudi hapa uandike jina la msimamizi atakalokutajia, tulilinganishe na lililo kwenye filamu.