Maswali na majibu: Kipandauso, uzito na unachokula

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaopigana vita viwili kwa wakati mmoja: kichwa kinachopasuka upande mmoja na mizani isiyoshuka. Nimechagua nane.

Nina miaka 34, uzito kilo 84, urefu mita 1.60. Zamani kipandauso kilinijia mara mbili kwa mwezi, sasa hakipiti wiki. Je, ni unene ulioniletea?

Hapana, dada yangu, na usijilaumu kwa hilo. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo, na mara nyingi unarithiwa. Wapo watu wembamba kabisa wanaoshinda kutwa chumba chenye giza kwa sababu yake. Kinachofanywa na uzito ni kukifungulia mlango kirudi mara nyingi zaidi. Mafuta ya mwilini hayakai tu kama mzigo. Yanatoa homoni na kemikali zinazochochea uvimbe ndani kwa ndani, na ubongo ambao tayari ni mwepesi wa kuumwa unazidi kuwa mwepesi. Ndiyo maana mtu mwenye uzito uliozidi yuko karibu zaidi na kipandauso sugu, yaani kichwa kuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa muda unaozidi miezi mitatu.

Ukigawa kilo zako kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 32.8. Uzito uliozidi unaanzia 25, na unene wa kupindukia 30. Lakini nakuomba usiifukuzie hiyo 25. Anza na asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao, yaani kilo 4 hadi 8. Ukizipunguza kwa miezi sita, umekwenda mwendo mzuri.

Nimeamua kula mara moja tu kwa siku, usiku. Nimepungua kilo 5, ila kichwa kimezidi. Nivumilie hadi mwili uzoee?

Usivumilie. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, na linafanywa na watu wenye bidii.

Niliwahi kukaa na mama mmoja tukafungua daftari lake la miezi miwili. Kila siku aliyofanikiwa kutokula hadi jioni aliweka alama ya vema kwa wino wa bluu. Siku za kichwa alizizungushia duara jekundu. Jumanne moja ilisomeka hivi: saa 1 asubuhi, chai tupu, saa 6, "sina njaa", saa 8, miayo haikatiki, shingo nzito, saa 10, kichwa kulia, nimetapika, saa 2 usiku, chakula kingi. Pembeni, vema na duara pamoja. Tukaendelea kufunua kurasa. Mengi ya maduara yalikuwa yamekaa juu ya vema, au siku moja baada yake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa najipongeza kwa kujiumiza."

Ubongo wenye kipandauso hautaki misukosuko. Kukaa na njaa muda mrefu ni miongoni mwa vichochezi vinavyotajwa zaidi na wagonjwa. Kwa hiyo pungua, ila pungua ukiwa unakula. Kula mara tatu, kwa saa zilezile, hata siku za mapumziko. Asubuhi usikose protini: yai, maharage, mtindi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga usiokobolewa, robo protini. Kinachopunguzwa ni soda na juisi, vya kukaangwa, na kile kijiko cha pili cha wanga. Ukipunguza takriban kalori 500 kwa siku, uzito hushuka kama nusu kilo kwa wiki, na kichwa hakipati sababu ya kulalamika. Na kunywa maji kabla kiu haijakukumbusha.

Nikila chokoleti, jioni kichwa kinauma. Niiache moja kwa moja?

Huenda chokoleti inasingiziwa. Saa kadhaa, hata siku nzima kabla ya maumivu, kipandauso huwa kimeshaanza kimyakimya: miayo, shingo kukaza, hasira za bure, na hamu kali ya vitu vitamu. Unakula kwa sababu kimeshaanza, kisha unadhani kimeanza kwa sababu umekula. Jipime. Andika kila siku ulichokula na saa yake, ulivyolala, siku zako za hedhi na kichwa, kwa wiki nane. Chakula kikifuatiwa na kichwa mara nyingi, kiache kwa mwezi uone. Pombe, hasa mvinyo mwekundu, na nyama za kusindikwa zenye chumvi za naitraiti zinastahili kuchunguzwa kwanza. Usifute vyakula kumi kwa mpigo. Utabaki na njaa bila kujua mkosaji ni nani.

Kahawa je?

Kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku, yaani kikombe kimoja au viwili, na saa zilezile. Kama unakunywa vitano, usikate ghafla: kuacha kwenyewe huleta kichwa ndani ya siku moja au mbili. Punguza kikombe kimoja kila wiki.

Nimesikia samaki wanasaidia. Ni kweli au ni biashara ya vidonge?

Kuna ushahidi mzuri, na unahusu chakula chenyewe. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 182 wenye kipandauso kwa wiki 16. Waliolishwa samaki wenye mafuta mengi, huku mafuta ya mahindi, soya na mengine yenye omega-6 nyingi yakipunguzwa, walipata nafuu ya takriban siku 4 za kichwa kwa mwezi kuliko waliokula mlo wa kawaida. Walioongezewa samaki bila kupunguziwa mafuta hayo walipata nafuu ya siku 2 hivi. Kwa hiyo, mbali na samaki, tazama pia unachokaangia. Mafuta ya zeituni ni mbadala mzuri, ila yapime kwa kijiko, maana kalori zake ni zilezile.

Miezi minne nafuata ratiba ya kula na kulala. Kichwa kimepungua sana, lakini uzito haujashuka hata kilo moja. Najidanganya?

Hujidanganyi hata kidogo. Mwaka 2018, nako Marekani, wanawake 110 wenye kipandauso na uzito uliozidi waligawanywa makundi mawili: moja lilifundishwa kupunguza uzito, lingine elimu ya kipandauso tu. Siku za kichwa zilipungua kwa makundi yote mawili, bila tofauti kubwa kati yao. Mimi naona hii ni habari njema kwako: ratiba yako ni tiba, mizani iseme isemavyo. Endelea kupunguza uzito kwa ajili ya moyo, sukari na magoti, ila usikubali namba ikufutie nafuu uliyokwisha kuipata.

Tangu nianze dawa ya kuzuia kipandauso nimeongezeka kilo 6. Nikiiacha?

Usiiache peke yako. Amitriptilini, valproeti na flunarizini zinajulikana kuongeza uzito, na daktari anaweza kukubadilishia. Topirameti hupunguza hamu ya kula, lakini hiyo na valproeti ni hatari kwa mtoto tumboni, kwa hiyo mwambie kama unaweza kupata mimba. Hesabu pia dawa za maumivu: parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi zenyewe huzalisha kichwa cha kila siku.

Nimenenepa haraka mwaka huu. Kichwa kinauma kila asubuhi, nikiinama macho yanaingia giza kwa sekunde chache, na masikioni nasikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo. Nile nini?

Barua hii sikuisubirisha. Nilimjibu mwenyewe siku ileile: nenda hospitali leo, omba upimwe nyuma ya jicho. Naiweka hapa kwa ajili ya mwingine mwenye dalili hizo. Shinikizo la maji ya ubongo linaweza kupanda bila uvimbe wowote kichwani, na huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi. Likiachwa, linaweza kupofusha. Kupunguza uzito ni sehemu kubwa ya tiba yake pia, ila macho yanapimwa kwanza. Ameniandikia kwamba amelazwa, ameanza dawa, na bado anasoma herufi ndogo.