Maswali ya Wasomaji: Filamu za Vita kutoka Ufilipino na Japani

SWALI: Kikundi chetu cha vijana hapa Nyalenda, Kisumu, kinataka kuonyesha filamu mbili kuhusu Wajapani walipoikalia Ufilipino kwa mabavu, moja kutoka kila nchi. Tutawaalika wazee ambao baba zao walikuwa keya na walipigana na Wajapani kule Burma. Tuchague zipi, na ipi itangulie?

JIBU: Itangulie ya Ufilipino: Tatlong Taong Walang Diyos, yaani "Miaka Mitatu Bila Mungu" (1976), yake mwelekezi Mario O'Hara. Ifuate Nobi, yaani "Mioto Nyikani" (1959), yake Kon Ichikawa wa Japani. Msigeuze mpangilio huo. Nobi inawakuta Wajapani kisiwani Leyte mwaka wa 1945, jeshi limesambaratika na askari wanakufa njaa. Wajapani walikuwa wameingia Manila tarehe 2 Januari 1942. Mtazamaji asiyeonyeshwa yaliyotendeka kati ya miaka hiyo atamhurumia askari bila kuelewa kwa nini wanakijiji wanamkimbia.

Filamu ya O'Hara inamfuata Rosario, mwalimu anayebakwa na Masugi, afisa wa jeshi la Japani mwenye damu ya Kifilipino pia. Anapata mimba, kisha anaolewa naye, na watu wake wanamwona msaliti. Hapo ndipo mjadala utawaka, kwa hiyo tengeni nusu saa nzima baada ya filamu. Watangazieni watu mapema kwamba kuna ubakaji, na watoto wasiwepo.

Katika Nobi, waombeni watazamaji wahesabu ni mara ngapi Mfilipino anapewa nafasi ya kusema. Ni chache mno. Kijana na msichana wanakuja kuchukua chumvi waliyoificha. Askari Tamura anampiga msichana risasi, kijana anatoroka, na chumvi inabaki kwa muuaji. Kisha utazameni moshi. Mtu wa Muhoroni akiona moshi shambani anajua ni miwa inachomwa. Tamura hajui kama ni mkulima anayechoma makapi au ni ishara ya wapiganaji wa msituni, na filamu nzima inaona kwa macho yake. Ichikawa anavilaani vita kwa dhati, hadi kwenye "nyama ya tumbili" ambayo si ya tumbili bali ya binadamu. Hata hivyo, mwenye nchi amebaki kuwa moshi wa mbali. Kwa maoni yetu huo ndio upungufu wake mkubwa, na wazee wenu wana haki ya kuusikia ukitajwa.

Nobi ya 2014, yake Shinya Tsukamoto, iacheni kwa siku nyingine. Ina damu nyingi mno. Watu watafumba macho palepale mnapotaka watazame.

SWALI: Sisi tuko Nakuru. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha hutangulia maneno, na pengo huzidi kadiri filamu inavyoendelea. Tufanyeje?

JIBU: Pengo likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, tumieni VLC, programu ya kuonyeshea video: kitufe cha G huyawahisha maandishi, H huyachelewesha, kila mbonyezo nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Lenu linakua, kwa hiyo huenda faili ya maandishi ilitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde ilhali filamu yenu inakwenda 23.976, yaani karibu 24. Tofauti hiyo huzaa zaidi ya dakika 2 kwa saa, na G na H hazitatosha. Fungueni faili hiyo kwa programu ya Subtitle Edit, badilisheni kasi kutoka 25 hadi 23.976, mhifadhi, kisha mjaribu dakika 5 za mwisho kabla ya wageni kufika.