Nyuzi nne, wimbo wa dansi

SWALI: Tuna fidla mbili, viola na selo. Vipande vya Haydn, mtunzi wa muziki wa klasiki, tunavipiga vizuri, lakini nyimbo za dansi harusini zinasikika nyembamba, watu hawainuki. Tunakosea wapi?

JIBU: Bila shaka mmegawana sauti nne kama kwaya, mkaisahau ngoma. Mpiga selo aweke upinde kando, adonoe nyuzi kwa kidole: hiyo ndiyo besi yenu. Viola ndiyo ngoma. Auangushe upinde juu ya nyuzi, upande wa karibu na mkono, kisha auzuie papo hapo, itoke “chak!” kavu kwenye pigo la 2 na la 4. Upinde ukiruka, mdundo unachafuka. Fidla ya pili ifuate melodi ya fidla ya kwanza, ikiwa chini yake kwa umbali wa tatu (kama E chini ya G). Kiitikio cha mwisho mpeni selo akiimbe kwa upinde, viola ishike besi. Sauti tamu vile haifai kubaki chini usiku kucha.

Angalieni ufunguo pia, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Wimbo wa E-flati ushusheni nusu toni hadi D, nyuzi wazi (zisizobonyezwa kidole) za D na A zivume zenyewe.

SWALI: Kuna kundi la kujifunzia?

JIBU: Kronos Quartet ya Marekani, iliyoanzishwa na David Harrington mwaka 1973. Wamepiga muziki wa Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa roki, na albamu yao ya 1992 ya watunzi wa Afrika ina kazi ya Mganda Justinian Tamusuza. Anzeni na albamu hiyo.