Chesisi Ina Herufi 17? Majibu kwa Wenye Yadi za Magari

Programu ipi ya kompyuta ni bora kwa yadi ya magari?

Swali hili haliishi. Anayeuliza hasemi ana magari mangapi, anauza taslimu au kwa awamu, ana gereji au hana. Nenda dukani ukaulize "spea ya gari bei gani?" uone watakavyokutazama. Tuma swali upya.

Tuna magari manane, tunaandika kwenye Eksel. Tuhame?

Hapana. Ila faili lisikae kwenye laptopu ya mtu anayeondoka nayo jioni.

Tumenunua programu ya nje, inakataa chesisi (namba za kutambulisha gari) karibu zote. Ni intaneti?

Intaneti haihusiki. Programu hizo zimetengenezwa kwa masoko kama Marekani, ambako tangu 1981 namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Gari lililoundwa kwa soko la Japani lenyewe, yaani haya yetu, halina namba hiyo. Corolla ya modeli ya NZE121 ina herufi na tarakimu hizo sita, kistari, kisha tarakimu saba, basi. Programu ikihesabu inaona pungufu, inagoma.

Na najua mtakachofanya, maana nimekikuta kwenye yadi moja Dar es Salaam. Karani alijazia sifuri mbele mpaka zikatimia 17. Kompyuta ikaridhika. Mkataba ukatoka na sifuri zake, mteja akaenda kubadilisha umiliki, akaambiwa gari la kwenye mkataba silo la kwenye kadi. Alirudi yadi uso umemkunjamana, na haki alikuwa nayo. Aliyewauzia programu airekebishe ikubali chesisi fupi. Akishindwa, mdai pesa yenu. Siku nyingine muuzaji akija na maneno matamu, mpeni kadi ya gari lililopo uwanjani, aliingize mkiwa mnamtazama.

Ripoti inasema tuna faida, benki hakuna kitu. Programu inadanganya?

Inarudia mlichoiambia. Mmeandika bei ya Japani, meli, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18. Storeji ya bandarini je, siku zile wakala "anafuatilia"? Betri? Kupiga rangi bampa? Mafuta ya wateja wanaokuja kujaribu gari na hawarudi? Cha juu cha dalali bosi anakitoa mfukoni, hakiandikwi popote, na ndicho kinachokula faida. Halafu mlilipa kwa dola, mkauza kwa shilingi miezi sita baadaye, kiwango cha dola kwenye programu ni kilekile alichokiweka fundi siku ya kwanza.

Hapa ndipo programu nzuri inapolishinda daftari: kila gari lina ukurasa wake wa gharama, na siku lilizokaa uwanjani zinahesabiwa. Lakini asiyeandika kwenye daftari hataandika kwenye kompyuta.

Programu ikitoa ankara, EFD (mashine ya risiti za kodi) ya nini tena?

Ankara si risiti ya EFD. Muuzaji wa programu akisema "imeunganishwa na TRA", yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, atoe risiti hapohapo, si picha ya risiti.

Kuhifadhi mtandaoni ni salama?

Juni 2024 wadukuzi waliivamia CDK Global, kampuni ambayo programu yake hutumiwa na wauza magari karibu 15,000 Amerika Kaskazini. Watu waliozoea kubofya wakarudi kwenye kalamu na fomu za karatasi. Kompyuta ya ofisini nayo ina maadui wake: umeme, mwizi, na kijana anayepakulia filamu humohumo. Chagueni yoyote, ila kila Ijumaa toeni nakala na mjaribu kuifungua. Na mkataba useme mkihama mtaondokaje na taarifa zenu. Wengi huambiwa bei ya kuondoka siku ya kuondoka.

Muuzaji wetu kahamia yadi ya jirani na namba za wateja wote. Programu ingezuia?

Ingezuia kama msingempa neno la siri la bosi. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, hizo namba na nakala za vitambulisho ni dhamana yenu, si yake, kwa hiyo mteja akilalamika ataanzia kwenu. Badilisheni neno la siri leo. Hilo 12345 hata mlinzi wa getini analijua.